Safari ndefu ya mtoni kwa boti za mashine: dalili, vyanzo na tiba

Injini ikizimika katikati ya mto, shika nanga kabla ya kushika spana. Boti isiyo na injini haisimami ikusubiri ufikiri. Mkondo unaipeleka arijojo, na mara nyingi unaipeleka kulekule usikotaka: kwenye mti ulioangukia majini au ubavu kwa mwamba. Teremsha nanga, au piga makasia hadi ukingoni ufunge kamba, ndipo ufungue kifuniko cha injini. Yote yanayofuata hapa yanachukulia kwamba hilo limeshafanyika.

Katika matembezi ya siku moja, hitilafu ya injini huwa ni hitilafu ya injini tu. Safari ikiwa ya majuma, na usiku mnalala kwenye hema ukingoni, matatizo mengi yanayojitokeza mtoni yalizaliwa siku ya kupanga: madumu yalipohesabiwa, mizigo ilipogawanywa, na kila mmoja alipoleta mashine aliyokuwa nayo. Kwa hiyo dalili nyingi hapa chini zina chanzo cha karibu, kinachotibika ukiwa ukingoni, na chanzo cha mbali ambacho dawa yake ni kabla ya kuondoka.

Mafuta yanakwisha kabla ya hesabu

Kwangu hii ndiyo dalili ya kuogopwa kuliko zote, maana haina spea. Plagi unaweza kubeba ya ziada ikakaa mfukoni. Petroli ya ziada ni mzigo, na mzigo nao unakula petroli.

Chanzo cha kwanza ni hesabu ya wastani. Mtu anapima boti yake kwenye maji yaliyotulia, anapata kilomita 18 kwa saa, anagawanya urefu wa safari kwa 18 na kuridhika. Tuseme safari ni kilomita 120 kupanda mto na 120 kurudi. Kwa hesabu yake ni saa 13 na dakika 20. Sasa weka mkondo wa kilomita 6 kwa saa. Kupanda atakwenda 12 kwa saa, yaani saa 10. Kushuka atakwenda 24 kwa saa, yaani saa 5. Jumla saa 15. Wengi hudhani mkondo unaokunyima ukipanda utakulipa ukishuka. Haulipi deni lote, kwa sababu muda unaokaa ukipingwa ni mrefu kuliko muda unaokaa ukisukumwa. Mkondo ukifika kilomita 9 kwa saa, safari hiyohiyo inakaribia saa 18.

Chanzo cha pili ni uzito, na hapa ndipo watu huumia. Boti ndogo ina hali mbili: ama inainuka na kuteleza juu ya maji, ama inayalima. Boti yenye urefu wa mita 4.5 kwenye usawa wa maji isipoinuka hukwama kwenye kilomita 9 au 10 kwa saa; ukizidi kufungua mafuta unakuza wimbi la nyuma tu, mwendo hauongezeki. Rudi kwenye mfano wetu: mizigo imezidi, boti imeshindwa kuinuka, kasi yake ni 10, na mkondo ni uleule wa 6. Unapanda kwa kilomita 4 kwa saa, na zile kilomita 120 zinachukua saa 30. Injini ya nguvu za farasi 15 ikifunguliwa yote hunywa karibu lita 6 kwa saa. Kadirio la kawaida ni kama lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10, na mashine kuukuu ya mipigo miwili (two-stroke) yenye kabureta huzidi hapo. Zile lita 60 ulizopanga za kupanda zimekuwa 180. Injini ni nzima, mto ni uleule. Kilichozidi ni masufuria, viti vya kukunja na hema la akiba.

Petroli yenyewe iingize kwenye hesabu ya uzito: lita 100 ni kilo 74 hivi bila madumu. Ukiona boti haiinuki siku ya kwanza lakini siku ya nne inainuka bila wewe kugusa chochote, usishangae, umeshachoma mzigo. Tiba ya mtoni ni kuacha mafuta ya kurudia njiani. Kila mnapolala mkipanda, fichani dumu moja au mawili kivulini, juu kabisa ya alama za mafuriko, mweke alama kwenye ramani. Boti inakuwa nyepesi kila siku, na kurudi kuna akiba. Ila dumu lililofichwa lisihesabiwe kuwa ni la uhakika; hesabu yako ya kufika salama isimame hata likiwa limechukuliwa.

Chanzo cha tatu ni ramani. Mto unaopindapinda una urefu wa mara moja na nusu ya umbali wa mstari ulionyooka, au zaidi. Pima kwa uzi unaofuata kila kona, au kwenye programu ya ramani ukibofya kona baada ya kona. Kisha ongeza kidogo tena, kwa sababu boti haiendi katikati ya mto. Inavuka kutoka ukingo hadi ukingo kufuata kina.

Namna ya kuziba mianya yote mitatu kwa pamoja ni jaribio moja la kuchosha ambalo watu hulikwepa: pakia boti kama itakavyokuwa siku ya safari, watu ndani, maji ya kunywa ndani, madumu yamejaa, kisha nenda saa moja kupanda na saa moja kushuka kwa mwendo mtakaoutumia. Jaza tangi tena kwa chombo chenye vipimo uone imekwenda lita ngapi, na simu yenye GPS ikupe kilomita. Namba hizo mbili zinashinda kijitabu chochote. Baada ya hapo tumia kanuni ya theluthi: theluthi ya mafuta kwenda, theluthi kurudi, theluthi haiguswi. Na kama mna uhuru wa kuchagua, anzeni kwa kupanda, mrudi kwa kushuka. Aliyepungukiwa na mafuta akiwa juu ya mto anaweza kurudi kwa makasia na subira. Aliyepungukiwa akiwa chini hana pa kwenda.

Mkishajikuta mnapungukiwa, geuzeni siku hiyohiyo. Shukeni kwa mwendo mdogo wa kuweza tu kuongoza boti, mkondo ufanye kazi. Boti mbili zinaweza kufungwa ubavu kwa ubavu zikasukumwa na injini moja, mradi mto ni mpana na hauna mawe.

Mashine moja inafuka moshi, nyingine imekwama kabisa

Kama msafara una injini ya mipigo minne na ya mipigo miwili, ulizeni kwanza dumu lililotumika. Injini ya mipigo miwili isiyo na tangi lake la oili inahitaji petroli iliyochanganywa, kwa mashine nyingi za kisasa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Baadhi ya za zamani hutaka 25 kwa 1. Ikinyweshwa petroli tupu, pistoni hukauka na kukwama, na hapo hakuna fundi wa ukingoni. Mipigo minne ikinyweshwa mchanganyiko hutoa moshi na kuchafua plagi, lakini huponea.

Chanzo cha mbali ni kukubali mashine za aina mbili katika msafara mmoja. Ningeshauri kwa nguvu zote: injini za aina moja na ukubwa mmoja kwa boti zote. Mafuta ni mamoja, propela moja ya akiba inafaa kila boti, impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji ya kupoza) moja, plagi za aina moja, na mashine moja ikifa inakuwa ghala la vipuri vya nyingine. Ikishindikana, madumu ya mchanganyiko yafungwe utambaa wa rangi shingoni, na oili itiwe kwenye dumu siku ya kujaza, isiahirishwe hadi kambini gizani.

Boti haiinuki, au inainuka na kudundadunda

Simama utazame watu wamekaa wapi. Kawaida nahodha yuko tezi, yaani nyuma ya boti, tangi liko tezi, madumu yako tezi kwa sababu ndiko mkono unakofika, na omo, sehemu ya mbele, imeelekea mawinguni. Sogeza vizito katikati na chini kabisa, madumu ya maji yaende mbele. Omo ikidunda juu na chini hata maji yakiwa shwari, ama uzito umebaki nyuma sana ama injini imeinamishwa kwenye tundu la nje mno. Hamisha pini ya mwelekeo tundu moja kuelekea boti.

Kama uzito uko sawa na bado injini inapiga kelele ya juu ghafla, hasa kwenye kona, propela inavuta hewa. Tazama bapa la chuma lililo juu tu ya propela: linatakiwa kuwa usawa wa sakafu ya boti au chini yake kwa sentimita mbili tatu. Likiwa juu ya hapo, injini imepachikwa juu mno. Likiwa chini sana unavuta mzigo wa maji bure na unaigongesha kila fungu la mchanga.

Kuna pia suala la propela yenyewe. Boti iliyopakiwa kwa kambi inataka propela yenye hatua fupi (hatua ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja) kuliko boti tupu ya mwishoni mwa juma. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, mizunguko ya injini hupanda kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika. Injini isiyofikia mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji ikiwa imefunguliwa yote inalemewa, inapata joto na kunywa mafuta. Propela ya hatua fupi ndiyo ifungwe kwenye injini wakati wa kwenda, ya kawaida iwe ndiyo ya akiba.

Haiwaki

Anza na vitu vya aibu. Kishikizo cha kamba ya usalama kimechomoka? Gia iko katikati? Bomba la mafuta limechomekwa hadi likalia? Kizibo cha hewa cha tangi kimefunguliwa? Puto la mpira kwenye bomba limebonyezwa hadi likawa gumu, mshale wake ukielekea injini? Hayo matano yaulizwe kwa sauti, na mtu mwingine ayajibu kwa kugusa, si kwa kukumbuka.

Bado? Fungua plagi, nayo itakwambia uende upande gani. Ikitoka kavu, petroli haifiki: fuata njia ya mafuta kuanzia tangi. Ikitoka imelowa na kunuka petroli, ama umeizamisha kwa choki (kidhibiti kinachozidisha petroli wakati wa kuwasha) ama haina moto. Ichomeke kwenye waya wake, iguse kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda na petroli iliyomwagika, vuta kamba: cheche ya buluu inayoruka kwa nguvu ni nzuri, ya njano dhaifu au hakuna kabisa, badilisha plagi kwanza kabla ya kushuku umeme. Iliyozama kwa petroli, rudisha choki ili isizidishe petroli, vuta mara kadhaa plagi zikiwa nje, kausha, rudisha, na ujaribu mafuta yakiwa wazi nusu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Watu wawili wakishika injini moja, huyu plagi yule kabureta, ikiwaka hamtajua kilichoiponya, na kesho yake mtaanza upya.

Inawaka, inakwenda dakika chache, inakufa

Ikianza kukohoa, mmoja abonyeze lile puto haraka kabla haijazimika. Ikifufuka, tatizo liko upande wa mafuta, na puto lenyewe litakuonyesha wapi. Likiwa limebanwa bapa, limenyonywa, kuna kizuizi kabla yake: kizibo cha hewa kimefungwa, au chujio la ndani ya tangi limeziba. Kizibo kilichofungwa hutoa dalili hii kamili, injini nzima kwa dakika kadhaa kisha kufa, na kinasumbua hasa baada ya tangi kuhamishwa, kwa sababu mtu alikifunga mafuta yasimwagike akasahau. Likiwa laini daima halikazi, hewa inaingia mahali: bomba lililopasuka, kiungo kilicholegea, au vali ya puto imechoka. Kata sehemu iliyopasuka uunganishe upya, ubane kwa kibanio. Bomba zima la akiba lenye puto lake ni kipuri ambacho kisikosekane.

Ikifa kwa kusitasita, ikawaka, ikafa tena, hasa baada ya kujaza kutoka dumu jipya, shuku maji. Maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini. Mimina kidogo kutoka sehemu ya chini ya dumu kwenye chupa angavu uiache itulie; mstari utajionyesha wenyewe. Petroli yenye ethanoli ni mbaya zaidi katika hili, kwani hunyonya unyevu, na ikizidi kiasi maji na ethanoli hujitenga pamoja na kuzama chini. Kausha bakuli la kabureta kwa skrubu yake ya chini, mwaga lita ya mwisho ya kila dumu badala ya kuikamua, na jaza kupitia faneli yenye chujio. Kichujio cha kutenganisha maji kati ya tangi na injini hakina uzito wa kulalamikia.

Mkojo wa injini umekauka

Ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini ndiyo habari yako ya haraka kwamba pampu inapoza. Nahodha anatakiwa kugeuka kuutazama mara kwa mara, na boti ya nyuma iutazame wa boti ya mbele.

Ukikoma, zima injini. Inua, angalia matundu ya kuingizia maji karibu na propela: mfuko wa plastiki na majani hunata hapo. Hakuna kitu? Choma tundu la mchirizi wenyewe kwa waya mwembamba au uzi mgumu wa kuvulia, kwa sababu mara nyingi ni chembe ya mchanga imekaa hapo na pampu ni nzima. Washa tena. Maji yakirudi, endelea. Yasiporudi, pampu imekwisha, na kila dakika utakayoongeza unachoma injini.

Mito ya tope na mchanga hutafuna impela. Mpira wake ulioundwa kwa maji safi unasagwa na chembe, na kupita juu ya fungu huku propela inachimba ni sawa na kumimina mchanga ndani. Weka impela mpya kabla ya safari hata kama ya zamani bado inafanya kazi, chukua nyingine pamoja na gasketi zake, na kubwa zaidi: fanya kazi hiyo wewe mwenyewe nyumbani ukiwa na muda, ili ujue bolti zipi zimeganda kwa kutu. Bolti inayokatika gereji ni kero. Ikikatika kambini ni mwisho wa injini hiyo. Wala usiwashe injini nje ya maji "kujaribu tu". Impela kavu huharibika kwa muda mfupi mno.

Inanguruma, boti haiendi

Kwenye mashine ndogo, pini ya propela imekatika, na ndiyo kazi iliyowekewa: ife yenyewe gia zipone. Badilisha, usiweke msumari wa chuma kigumu badala yake. Mashine kubwa kidogo hazina pini. Zina mpira ndani ya propela, na ukichoka huteleza. Dalili yake ni kwamba kwa mwendo mdogo boti inakwenda vizuri, ukiongeza inanguruma bure. Hiyo ni rehema, maana unaweza kwenda polepole hadi kambini ufunge propela ya akiba. Beba pia nati na kotapini. Ukishusha propela majini, nati ikikuponyoka haitafutiki, kwa hiyo tandaza turubai chini au fanyeni kazi hiyo nchi kavu.

Ukiwa hapo, tazama nyuma ya propela kama kuna uzi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti. Uzi hukata sili polepole, maji huingia kwenye gia, na oili ya gia hugeuka rangi ya maziwa. Ukiikuta hivyo katikati ya safari, iondoe, jaza mpya, na urudie kila baada ya siku chache. Gia zitavumilia kwa muda.

Kupanda fungu na kugonga

Hapa chanzo ni macho. Kwenye kona, kina kiko ukingo wa nje na mchanga uko wa ndani. Umbo la V kwenye uso wa maji, ncha yake ikielekea unakoshuka mto, ni mlango kati ya vizuizi viwili. V yenye ncha kuelekea unakotoka mkondo ni onyo: pale kwenye ncha pana jiwe au gogo. Maji laini yanayong'aa katikati ya viwimbi yanaweza kuwa kina, yanaweza kuwa sentimita kumi juu ya mchanga, ndiyo maana mtu wa omo anashika pondo, mti mrefu wa kupimia kina na kusukumia boti, na si simu. Jua likiwa chini mbele yako, hakuna anayesoma maji. Punguza mwendo au pumzika.

Kufuli ya kuzuia injini isiinuke ifunguliwe kwenye maji mafupi, ili ikigonga iruke yenyewe badala ya kuvunja ubao wa nyuma.

Ukikwama ukiwa unapanda, bahati yako: mkondo utakurudisha. Ukikwama ukiwa unashuka, mkondo unazidi kukusukumia. Zima injini mara moja na uiinue. Pimeni kina kwa pondo kabla mtu hajashuka, kwa kuwa fungu huisha ghafla kwenye maji marefu upande wa chini ya mto. Anayeshuka asimame upande mkondo unakotoka, kamwe asiwe kati ya boti na kitu kigumu. Penye mamba au viboko msishuke. Sukumeni kwa pondo mkiwa ndani.

Miti iliyolala majini ni jambo tofauti na mchanga. Maji hupita kati ya matawi, boti haipiti. Kama injini ina dalili yoyote ya kusitasita, vuka upande wa pili mapema, ukiwa bado na mwendo.

Asubuhi boti imepotea, au iko juu ya mchanga mkavu

Mto umepanda au umeshuka usiku. Mvua iliyonyesha mbali, ambayo hamkuiona, hufika kesho yake. Bwawa lililo juu likifungua milango, maji hupanda chini ya anga safi. Mkifika kambini chomekeni kijiti pale maji yanapokomea, mkitazame kila saa moja hadi mlale. Maji yakianza kuchafuka, yakileta vijiti na majani mabichi, hamisheni hema kabla ya kula.

Tazameni takataka zilizonasa kwenye matawi: hapo ndipo mafuriko yalifika. Kulala chini ya mstari huo ni uamuzi mnaoufanya mkijua. Boti ifungwe kwa kamba mbili, moja kwenye mti juu ya mstari huo, yenye ulegevu wa kutosha kupanda na maji. Kwa maji yanayoshuka, iacheni ikielea kwa nanga ya nyuma iivute mbali kidogo na ukingo, na atakayeamka usiku aisogeze.

Petroli ilale mbali na moto, upande upepo unakoelekea, kivulini. Madumu yaachiwe nafasi ya kutanuka. Tangi dogo lishushwe nchi kavu kujazwa, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, ukisubiri cheche. Nusa kabla ya kuwasha.

Matumbo yanauma

Maji. Panga lita 4 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, zaidi kukiwa na joto. Ya mto yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa, kisha yachemke kwa kububujika dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Vidonge vya klorini vinataka dakika 30 na hushindwa kwenye tope. Ila hakuna kichujio cha kambini wala jiko litakaloondoa petroli iliyodondokea kwenye dumu la maji, kwa hiyo madumu ya maji na ya petroli yawe ya maumbo tofauti, yasiwe ya rangi tofauti tu, ili hata mkono gizani uyajue.

Ratiba inavunjika, kundi linatawanyika

Boti yenye kasi inapotangulia, ya polepole ndiyo inayoharibikiwa peke yake. Igeuzeni: ya polepole iongoze, na ya mwisho ibebe vipuri na yule anayejua injini kuliko wengine. Hakuna kupita kona bila kuiona boti ya nyuma.

Ratiba zinazovunjika ni zile zilizojazwa saa nane za injini kila siku. Saa nne au tano zinatosha. Ondokeni alfajiri, kwa kuwa mara nyingi upepo huzidi mchana, na ukipingana na mkondo kwenye eneo pana huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima ambayo boti ndogo haiyawezi. Saa tisa alasiri muwe mmeanza kutafuta pa kulala. Kila siku nne au tano wekeni moja tupu. Mtaitumia kwa matengenezo au kusubiri upepo, na msipoihitaji, nani atalalamika kwa kulala?

Injini imezama

Kama ilikuwa imezimwa ilipozama, kuna matumaini makubwa. Kama ilikuwa inazunguka, ivute kamba polepole. Ikigoma usilazimishe, huenda mkono wa pistoni umepinda. Vinginevyo: ioshe tope kwa maji masafi, toa plagi, ielekeze matundu chini, vuta taratibu hadi maji yaishe. Kausha kabureta, badilisha petroli, na kwa ya mipigo minne badilisha oili pia. Tia oili kidogo ndani ya kila silinda, rudisha plagi, iwashe siku hiyohiyo na uiache ifanye kazi walau nusu saa. Kutu huanza hewa inapoingia, kwa hiyo kama hamna muda wa kuitengeneza sasa, ni afadhali ibaki ndani ya ndoo ya maji masafi hadi mpate muda. Na mnapoilaza ya mipigo minne, ilazeni upande ulioandikwa na mtengenezaji, la sivyo oili itaingia kwenye silinda.

Ikishindikana kabisa, ni kuvutana. Kwenye mto wenye kona, kuvuta kwa kamba ndefu nyuma kunaipeleka boti mbovu kwenye miti. Ifungeni ubavuni, kamba ya omo, ya tezi na ya mshazari, injini nzima ikiwa nyuma zaidi ya boti inayosaidiwa. Mafuta ya kazi hiyo yanatoka kwenye ile theluthi isiyoguswa. Fungo hilo lijaribuni siku ileile ya jaribio la mafuta, mkiwa na mzigo kamili, maana kamba fupi na vishikizo vilivyolegea vya boti hujulikana siku hiyo, na kishikizo kilichong'oka siku hiyo kinatengenezeka kwa bolti na bapa la chuma nyuma yake.